“Hiyo filamu ikoje?” Mwongozo kamili wa kumjibu mwenzako kabla hajatoa pesa ya tiketi

Kila Jumatatu swali ni lile lile, ofisini, stejini na kwenye kundi la WhatsApp la ploti: “Uliiona ile? Ikoje?” Na majibu hayabadiliki. Mmoja anasema “noma sana” halafu ananyamaza. Mwingine anasimulia kila kitu, kuanzia gari la kwanza kulipuka hadi mazishi. Wa tatu analalamikia bei ya bisi. Aliyeuliza anabaki palepale: hajui kama aende Ijumaa au pesa hiyo anunulie gesi.

Wasomaji wanaoniandikia kuhusu jambo hili wamekwama mahali pamoja. Wanajua wameipenda filamu au imewachosha, lakini wakifungua mdomo linatoka neno moja tu, au hadithi nzima. Mwongozo huu unashughulikia nafasi iliyo katikati ya hayo mawili. Ni wa mtazamaji wa kawaida, anayelipa tiketi yake na kurudi nyumbani na matatu. Huhitaji kusomea uigizaji wala kujua majina ya lenzi za kamera.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Filamu uliyoitazama mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Trela haihesabiki. Vipande vya dakika moja kwenye TikTok havihesabiki. Alivyokuambia binamu yako havihesabiki.
- Simu au kijidaftari cha kuandikia mistari michache baada ya filamu.
- Nusu saa ya kunyamaza. Ukitembea polepole kutoka ukumbini hadi stejini, ukaongeza foleni ya matatu, unakuwa umeshaipata.
- Mtu mmoja kichwani unayemwambia: dada yako, jamaa wa kazini, jirani mwenye watoto wawili. Maoni ya kuambia “watu wote” huwa hayamfai yeyote.
- Kumbukumbu ya jinsi ulivyoitazama: ukumbini, kwenye kochi, kwenye simu ndani ya basi, au kwenye kibanda cha video.

Hilo la kwanza nalisisitiza kwa sababu mji huu wa Nairobi una mazoea ya kubishana kuhusu filamu ambazo hakuna aliyeziona. Mwaka wa 2018 filamu ya *Rafiki*, yake Wanuri Kahiu, ilipigwa marufuku nchini Kenya, na kwa miezi watu waliigombania kwa maneno makali huku wengi wao hawajaona hata picha moja. Mwezi Septemba Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, watu wakajaa kwenye kumbi za Nairobi, na hapo ndipo mazungumzo kuhusu filamu yenyewe yalipoanza: uigizaji wake, rangi zake, muziki wake. Kabla ya hapo watu walikuwa wakijadili jambo jingine kabisa.

## Hatua ya 1: Tazama kama mtu atakayeulizwa

Zima simu, au angalau iweke mfukoni. Mwangaza wake unawaumiza walio nyuma yako, na kila unapoitazama unapoteza sekunde chache ambazo baadaye utazilipa kwa kusema “sikuelewa kwa nini yule mzee alimkasirikia.” Mzee alieleza. Ulikuwa unasoma ujumbe.

Usijaribu kuandika gizani. Angalia mambo mawili tu: ni wapi ulisahau kwamba umekaa kwenye kiti, na ni wapi ulianza kuwaza nauli. Mwili wako unajua filamu imelegea wapi kabla akili haijajua. Ukijikuta unahesabu taa za kutokea, weka alama kichwani: walikuwa wanafanya nini kwenye skrini wakati huo?

Kaa hadi majina ya walioitengeneza yamalize kupanda. Filamu nyingi za mashujaa wa katuni huwa na kipande kifupi katikati au mwisho wa majina hayo, na anayekimbilia matatu hukikosa. Filamu nyingine haina kitu pale, lakini wimbo wa mwisho huwa umechaguliwa kwa makusudi.

Onyo: usirekodi skrini, hata sekunde kumi za kuweka kwenye status. Ni kosa la hakimiliki, na ukumbi una haki ya kukutoa.

Utajua umefaulu ukiweza kueleza nusu saa ya kwanza kwa sentensi tatu bila kusema “sijui, kulikuwa na watu wengi.”

## Hatua ya 2: Tenganisha filamu na jioni yako

Hapa ndipo wengi huangukia, kwa hivyo twende polepole.

Mtu anatoka ukumbini amekasirika. Mvua ilimkuta Ngong Road, akaingia amechelewa robo saa, jamaa wa nyuma alikuwa akimwelezea mpenzi wake kila tukio, kiyoyozi kilimgandisha. Kesho yake anasema filamu ni mbaya. Filamu haikumnyeshea mvua.

Kinyume chake pia hutokea, na ndicho kigumu zaidi kukigundua. Ulikwenda na marafiki watano, mlicheka tangu mlangoni, mmoja alilipia wote. Filamu yoyote ingependeza usiku huo. Ukimpeleka shangazi yako Jumanne mchana, ukumbi una watu saba, atashangaa ulikuwa unasifia nini.

Basi kabla hujasema neno, pitia mambo haya:

Picha ilikuwa na giza? Kama ulivaa miwani ya 3D, fahamu kwamba miwani hiyo hupunguza sana mwanga unaofika machoni. Projekta yenye taa iliyochoka ikiongezewa miwani, mandhari za usiku hugeuka kuwa makaa. Huenda filamu yenyewe inang’aa vizuri.

Maneno hayakusikika? Ukumbini, sauti za waigizaji hutoka hasa kwenye spika ya katikati, nyuma ya skrini. Spika hiyo ikiwa na kasoro utasikia muziki na milipuko vizuri, na mazungumzo kwa mbali. Nyumbani tatizo ni jingine: sauti iliyotengenezwa kwa spika nyingi inabanwa kuingia kwenye spika mbili ndogo za runinga, na minong’ono inamezwa. Kabla ya kumlaumu mwelekezi, jaribu tukio moja kwa kutumia earphone.

Ulitazama kopi gani? Kopi iliyorekodiwa ndani ya ukumbi na mtu mwenye kamera ina kingo zilizokatika, rangi zilizopauka na vicheko vya watu wa nchi nyingine. Kuhukumu upigaji picha kwa kopi hiyo ni dhuluma. Na ile uliyotiliwa kwenye flashi mjini ukiambiwa ni “kopi safi”, mara nyingi ndiyo hiyo hiyo.

Nani alikusimulia? Hapa lazima tumtaje DJ Afro. Nusu ya mtaa wetu imelelewa na filamu za ngumi za ng’ambo zilizowekewa simulizi lake, na mtu anaweza kukuapia kwamba filamu fulani inachekesha mpaka machozi. Sauti yake hufunika maneno ya waigizaji, na vichekesho ni vyake mwenyewe. Ukicheka, umecheka naye. Sema hivyo: “niliitazama ya DJ Afro.” Mwenzako akienda kutafuta toleo la asili atakuta mtu mwenye huzuni anatafuta kaburi la babake.

Skrini ilikuwa kubwa kiasi gani? Filamu ya jangwa na meli kubwa ikitazamwa kwenye skrini kubwa mno ya IMAX, na ikitazamwa kwenye simu ndani ya basi la Rongai, hizo ni filamu mbili. Filamu ya watu wawili wanaozungumza jikoni haipotezi mengi kwenye simu. Mwambie mwenzako uliiona kwa njia ipi, ili naye ajue kama alipie ukumbi au asubiri.

Utajua umefaulu ukiweza kusema: “Jioni ilikuwa mbaya, filamu ni nzuri,” au kinyume chake, bila kujichanganya.

## Hatua ya 3: Kamata vitu vitatu kabla havijapotea

Ile nusu saa ya kunyamaza ni ya hapa. Andika vitu vitatu, na kila kimoja kiwe kitu ulichokiona au kukisikia: mkono, kikombe, mlango, sauti, kimya. Usiandike “uigizaji mzuri.” Andika “anapopigiwa simu ya hospitali halii, anaanza kupanga vikombe.” Hapo huhitaji tena kusema uigizaji ni mzuri, aliyekusikia ameshauona.

Sababu ya kuharakisha ni hii: dakika kumi za mwisho hula filamu nzima. Mwisho ukiwa mtamu unasahau kwamba saa nzima ya katikati ulikuwa unapiga miayo. Mwisho ukikuudhi unasahau kwamba ulilia mara mbili. Ukiandika kabla hujaanza kujadiliana, unakuwa umehifadhi ushahidi.

Andika pia kabla ya kusoma maoni ya mtu mwingine. Ukishasoma ya wengine, macho yako yameazimwa.

## Hatua ya 4: Chimba chini ya neno

“Noma.” “Moto.” “Imeboo.” “Ovyo.” “Iko sawa tu.” Maneno haya hayana ubaya, ni ya kuanzia. Shida ni kuishia hapo.

Watu wengi hushauriwa wajiulize “kwa nini?” Mimi naona swali hilo linawafunga watu midomo, wanahisi wamerudishwa darasani kwenye ufahamu wa mwalimu wa fasihi. Jiulize “wapi?” Imekuboo wapi? Kama ni pale walipoanza kueleza sayari tatu na funguo nne, basi umeshapata sababu: filamu ina maelezo mengi kuliko matendo. Ilikusisimua wapi? Kama ni pale kwenye ngazi za jengo, ambapo hakuna muziki wowote, unasikia viatu tu, basi umeligusa jambo la sauti bila hata kulikusudia.

Neno “haina maana” ndilo linalohitaji kuchimbwa zaidi, kwa sababu hubeba malalamiko mengi tofauti:

- Sikuelewa kilichotokea. Hapo rudi Hatua ya 1. Je, ulikuwa unatazama simu?
- Nilielewa, lakini mhusika alifanya jambo ambalo mtu kama yeye hawezi kulifanya. Hiyo ni kasoro ya hadithi, iseme.
- Nilielewa, ila sikubaliani na mtazamo wa filamu kuhusu ndoa, dini au pesa. Ni haki yako, ila mwambie mwenzako kwamba hilo ndilo lililokukera. Huenda yeye atakubaliana na filamu.
- Iliisha bila kunijibu. Kuna wanaopenda hivyo na kuna wasiopenda. Taja tu.

Utajua umefaulu ikiwa anayekusikiliza anaweza kusema “aa, basi mimi nitaipenda,” ilhali wewe hukuipenda. Hicho ndicho kipimo chenyewe, na wengi hawakitarajii.

## Hatua ya 5: Ipime kwa ahadi yake

Filamu huahidi kitu katika robo saa ya kwanza. Ya kuchekesha imeahidi kicheko. Ya kutisha imeahidi usiku usio na usingizi. Ya ngumi imeahidi ngumi, na kila mtoto wa Eastlands anajua kanuni: staringi hafi. Usiende kwenye filamu ya ngumi ukarudi unalalamika kwamba staringi alipigwa risasi ishirini zikamkosa zote. Hilo lilikuwa kwenye mkataba. Lalamika kama ngumi zenyewe hazionekani kwa sababu picha inakatwakatwa kila nusu sekunde.

Sasa filamu za hapa nyumbani. Kuna makundi mawili yanayoniudhi kwa kiwango sawa. La kwanza husema “kwa Mkenya, amejaribu.” La pili husema “mimi siangalii za Kenya,” halafu linataja moja lililoitazama miaka kumi iliyopita. Yote mawili hayajaitazama filamu iliyo mbele yao.

Njia ya haki ni kutofautisha kilichohitaji pesa na ambacho hakikuhitaji. Helikopta inahitaji pesa. Umati wa watu elfu unahitaji pesa. Lakini mazungumzo yanayofanana na jinsi watu wa Kayole wanavyozungumza, mama anayemkaripia mwanawe kama mama anavyokaripia, hadithi inayojua inakoelekea: hayo hayakukosekana kwa sababu ya bajeti. Yakikosekana, sema. Sauti mbovu nayo itaje kama sauti mbovu, bila huruma na bila dharau. Aliyetengeneza filamu hiyo anaishi mji huu huu, na maoni ya kweli ndiyo anayoweza kuyatumia kazini.

## Hatua ya 6: Linda uhondo

Kuna kanuni moja rahisi ninayoitumia: robo ya kwanza ya filamu ni mali ya umma, katikati uliza kwanza, mwisho usiuguse. Kwa filamu ya saa mbili, ina maana unaweza kueleza kwa uhuru yaliyotokea katika dakika thelathini za mwanzo. Mara nyingi trela imeshayaonyesha.

Maonyo:

“Mimi sitakuambia, lakini kuna kitu mwishoni!” Umeshamwambia. Sasa atakaa saa mbili akikisubiri, atakibahatisha kabla ya wakati wake, na wewe utajiona ulitunza siri.

“Usimpende sana yule dada yake.” Umemuua.

“Itabidi wafanye ya pili.” Umetaja aliyebaki hai.

Kwenye WhatsApp, ukilazimika kujadili mwisho na waliokwisha kuona, anza na onyo, weka mistari mitupu kadhaa, ndipo uandike. Ujumbe unaotokea juu ya skrini ya simu huonyesha maneno ya kwanza tu, na mtu aliye kwenye mkutano hakuomba kujua nani ni muuaji. Kwenye kundi la familia, usiujadili kabisa. Kuna mjomba ambaye ataitazama baada ya mwaka mmoja, na hatasahau ni nani aliyemharibia.

Wengi huniuliza ni baada ya muda gani mtu yuko huru kusema. Sioni tarehe inayofaa kwa kila filamu. Kwa inayoonyeshwa ukumbini bado, funga mdomo mpaka iondolewe ukumbini. Baada ya hapo swali moja linatosha: “Ushaiona?” Halichukui hata sekunde mbili.

## Hatua ya 7: Sema inamfaa nani, na inamgharimu nini

Hapa ndipo maoni ya mtu wa kawaida yanapowashinda wahakiki wakubwa wa Marekani. Wao hawajui kwamba mwenzako anaishi Githurai.

Muda. Filamu ya saa tatu inayoanza saa moja na nusu jioni, ukiongeza kama dakika ishirini za matangazo na trela, inaisha saa tano kasoro dakika kumi usiku. Kwa mwenye gari si kitu. Kwa anayetegemea matatu, nauli imeshapanda na stejini pamepungua watu. Mwambie atafute ya alasiri. Taarifa hii moja inaweza kumfaa kuliko yote uliyosema kuhusu uigizaji.

Umri. Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini, KFCB, hugawa filamu kwa madaraja: GE kwa watazamaji wote, PG kwa watoto wakiwa na mwongozo wa mzazi, 16 na 18 kwa wenye umri huo na kuendelea. Angalia daraja kwenye bango au kwenye tovuti ya ukumbi. Lakini daraja halisemi yote. Mzazi anataka kujua ni kitu gani hasa: damu, matusi, kitanda, au mbwa anayekufa. Mtoto wa miaka saba anaweza kustahimili joka linalotema moto, akalia wiki nzima kwa sababu ya mbwa.

Anakwenda na nani? Kuna filamu nzuri kabisa ambayo huwezi kuitazama ukiwa umekaa kando ya mama mkwe. Mtajie mwenzako kama kuna tukio la kitandani na kwamba ni refu. Atakushukuru maisha.

Lugha. Kama mazungumzo ni ya Kikorea au Kifaransa na maandishi ya tafsiri yanapita chini, asiyependa kusoma haraka ajue mapema. Kama ni ya Kiingereza cha Uskochi, pia ajue.

Je, asubiri? Si kila filamu inadai tiketi. Kuna za ukumbini, kuna za kochini, na kuna za kuachia ikicheza huku unakunja nguo. Kuiweka filamu kwenye fungu la tatu si tusi, watu wana nguo za kukunja.

## Hatua ya 8: Unganisha, useme

Maoni kamili yana sehemu nne, na hayazidi dakika moja ukiongea: niliitazama wapi; inahusu nini kwa kuigusa robo ya kwanza tu; kitu kimoja kilichonikaa na kingine kilichonikwaza; inamfaa nani.

Tuchukue mfano wa filamu ambayo wengi mmeiona, ili nisimharibie mtu: *Nairobi Half Life* ya mwaka wa 2012, iliyoelekezwa na David “Tosh” Gitonga, Joseph Wairimu akiigiza Mwas.

Jibu la kwanza tunalolisikia: “Hiyo ni noma, lazima uione.” Hakuna kilichosemwa.

Jibu la pili: “Kuna kijana anatoka mashambani, anaibiwa, anafungwa, anatoka, anaingia kwenye genge, halafu kuna polisi, halafu…” na kuendelea mpaka mwisho. Sasa hakuna haja ya kuiona.

Jibu ninalolipendekeza:

“Niliitazama nyumbani kwenye runinga. Inamhusu kijana wa kijijini anayeuza filamu kwa kuwaigizia wateja wake vipande vyake, naye anaota kuwa mwigizaji Nairobi. Anafika mjini, na mji unampokea kwa kumwibia. Wairimu ndiye anayeibeba: hata katika shida, uso wake bado ni wa mtu anayefanya majaribio ya uigizaji. Sheng ni ile ya barabarani, haikutiwa sukari. Mimi nilichoka kidogo pale inaporukaruka kati ya genge na jukwaa la maigizo, niliona genge lina uzito zaidi. Ina matusi na fujo, usiwawekee watoto. Ukiwa ulihamia Nairobi ukiwa mtu mzima, dakika za mwanzo mjini zitakuuma.”

Hesabu kilichofichwa hapo: sikusema nani anakufa, sikusema kama anafanikiwa, wala sikusema kuna siri. Na anayependa tamthilia za jukwaani anaweza kusikia lalamiko langu akasema, “basi hiyo ndiyo sehemu yangu.”

Mwas mwenyewe, kwa njia, ni mwalimu mzuri wa hatua hii. Anauza filamu kwa kumwonyesha mteja kipande kimoja kwa mwili wake wote. Hampi mteja muhtasari.

## Hatua ya 9: Mkipishana

Mtapishana, na hapo utamu huanza. Shida ni pale mtu anapotoa simu na kusema, “Rotten Tomatoes wameipa asilimia 90, kwa hivyo umekosea.”

Rotten Tomatoes ni tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki. Elewa namba yake inasema nini. Ni kiasi cha wahakiki walioipenda, haisemi waliipenda kiasi gani. Wahakiki mia wakiitazama, tisini wakasema “iko sawa, saba kwa kumi,” namba itakuwa 90. Filamu nyingine inaweza kuwagawa: sitini waliichukulia kuwa kazi bora ya mwaka, arobaini wakaichukia, nayo itapata 60. Mimi ningeenda kuona ya pili. Alama za IMDb, tovuti nyingine ya filamu, nazo hutolewa na watazamaji wenyewe, moja hadi kumi, na mashabiki wa kufa na kupona huwahi kupiga kura kabla ya wengine.

Badala ya namba, rudini kwenye tukio moja. “Wewe ulionaje pale kwenye daraja?” Swali hilo huwashusha watu kutoka kwenye hukumu na kuwarudisha kwenye kile walichokiona. Mara nyingi mtagundua kwamba mmoja aliona kicheko cha mhusika kuwa cha dharau na mwingine alikiona cha woga. Hapo mna mazungumzo ya kuwafikisha hadi mwisho wa safari.

Mkubwa kwa umri akiwa na maoni tofauti, hakuna haja ya kumshinda. “Mzee, mimi pale nilimwona kama anaogopa, wewe je?” inatosha. Watu wa rika la babangu walizoea kutazama filamu Nairobi Cinema na Kenya Cinema wakiwa wamevaa koti. Wana mengi ya kusema kuhusu filamu za leo zinavyokimbia, na baadhi yake ni kweli.

## Mambo yakiharibika

Umeulizwa na hukumbuki chochote. Sema hivyo. “Niliiona mwezi uliopita, na nilichobaki nacho ni wimbo tu.” Hayo ni maoni tosha, tena makali.

Rafiki amefuata ushauri wako na hakuipenda. Muulize ilimchosha wapi. Jibu lake litakufundisha ladha yake, na mara nyingine utajua umpelekee nini.

Umemwaga siri kwa bahati mbaya. Usiongeze “lakini si hivyo unavyofikiri,” maana unachimba zaidi. Omba radhi, badilisha mada, na tiketi inayofuata iwe juu yako.

Uliondoka katikati. Unaruhusiwa kutoa maoni, mradi utaje dakika uliyoondoka na kilichokutoa. “Nilitoka saa moja ndani, walipoanza kumtesa yule mzee” ni taarifa ambayo wenye moyo mwepesi wanaihitaji kuliko sifa za waliobaki.